Zaburi Yangu kwa Tuni ya Harusi

Jumatano, Jeddah. Joto la hapa linanata. La Riyadh, ninakofanya kazi za ndani, angalau ni kavu. Nimekasirika, na nitaandika hivyohivyo.

Mwaka jana niliipachika Zaburi ya mia na ishirini na moja kwenye wimbo wa harusi ambao madam huupiga jikoni kila siku. Nikiimba wimbo wa kanisa nyumbani mwa watu, nitaulizwa. Nikiimba tuni ile, madam husikia wimbo wake tu, na hufurahi.

Aya nane. Nilihesabu silabi kwa vidole nikipiga pasi, wiki tatu nzima.

Nikaituma kwenye kikundi chetu cha maombi cha simu, Wakenya thelathini na mmoja. Mwalimu wetu, karani wa bandarini hapa Jeddah, akaifuta siku hiyohiyo.

"Dada Peninah, usituletee ukumbi wa harusi kanisani."

"Kanisa gani, Mwalimu? Tuko kwenye simu."

Watu walicheka. Nadhani hicho ndicho hakunisamehe. Nikamweleza kwamba Wayahudi wenyewe, wenye Zaburi, mpaka leo huimba nyimbo za Sabato kwa tuni za mtaani, hata za mapenzi za Kiarabu. Akanijibu halas, basi imetosha, akanikataza kutuma nyimbo.

Kwa miezi saba sikutuma hata wimbo mmoja.

Leo tuko kwa dada yake madam. Mfanyakazi wao, Mercy wa Kakamega, aliingia kikundini mwezi uliopita. Tulikuwa tunamenya vitunguu, akaanza kuimba. Zaburi yangu, silabi kwa silabi, hata pale nilipobana maneno kwa sababu hayakutosha.

Nikamuuliza polepole ameitoa wapi.

"Ni ya Mwalimu, anti. Hutufundisha sisi wapya pembeni. Anasema alipewa na Roho akiwa amefunga."

Nilishukuru vitunguu.

Najua, maneno ni ya Wayahudi, tuni ni ya Waarabu. Peninah ana nini hapo? Nina kipimo. Neno lipi likatwe, lipi livutwe, ili mtu aliyeamka saa kumi alfajiri aushike wimbo kwa siku mbili. Hilo halikushuka kwa kufunga.

Mercy akaniomba nimsaidie aya ya saba, humpotea. Nikamfundisha. Sikumwambia ni yangu.

Lakini Ijumaa, kwenye maombi ya simu, nitamuuliza Mwalimu mbele ya wote ni nani aliyeitunga. Akinitoa, sina pengine pa kuomba na watu nchi hii. Hilo pia nimelihesabu, na bado nitauliza.