Mulango ya Chuma ya Alida

Siku ya tatu, tarehe 4 Septembre 2024, Butembo

Madame Hanneke amenipigia tena kutoka Hollande. Batu beko mbele ya étalage yangu ya vipuri, uyu anataka bougie ya moteur, ule anataka chaîne ya pikipiki, na mi niko na téléphone ku sikio. Ule mumama amezeeka, lakini hachoke!

Anaandika historia ya Alida, meli ya mizigo, meli ya moshi ya Bahollandais. Baba yake njo alikuwa capitaine. Na Koko yangu Asumani, babu yetu, alikuwaka kule chini, anatupa makala mu moto. Tulijuana juu ya ndugu yangu Yassini — aliwekaka photo ya Koko ku Facebook. Koko kijana, mwembamba, nyuma yake bouée, ile duara ya kuokolea batu mu mayi, yenye kuandikwa ALIDA. Madame akaiona.

Anataka kitu moya tu: safari ya mwisho ya baba yake, mwaka wa 1958, ilipitaka namna gani? Juu alirudi, akaacha bahari, na juu ya ile safari hakusema neno mpaka kufa.

Nikamuuliza Koko ku téléphone. Akasema: ile haisemwe mu téléphone, uje Beni. Akakata.

Koko, kukata! Yeye mwenye anaongeaka mpaka unités za téléphone zinaisha.

Donc Beni. Na hii barabara yetu. Ah.

Ijumaa, tarehe 6 Septembre

Sikuenda. Camion ya Yassini ilirudishwa ku barrière ya barabara — balisikia masasi mbele. Ninakaa, ninasimama, ninatoka inje, ninarudi. Nimeuzishia mutu carburateur ya pikipiki ya TVS, kumbe yeye eko na Boxer. Akarudi kunitukana. Haki yake.

Jioni Madame akatuma audio murefu. Alida ilitengenezwa Rotterdam mbele ya vita kubwa. Ikabeba ngano, ikabeba makala. Wakati ya vita ikajificha Amerika. Kisha ikaanza kuja Mombasa kuchukua pamba na kahawa — labda hata kahawa ya huku kwetu, nani anajua? Kisha ikazeeka, bakaikatakata, bakauzisha chuma. Na ku mwisho, na sauti ya furaha kabisa: mu maisha yake yote, hakuna mutu hata moya alikufaka mu ile meli. Ile njo inamupa kiburi juu ya Papa yake.

Nimeisikiliza tena. Na tena. Sasa Koko alikata juu ya nini?

Posho, tarehe 7 Septembre, Beni

Nimefika! Yassini alinipakia mu cabine, mifuko ya sukari ku magoti. 

Koko alikuwa ku kiti yake, kofia ku kichwa. Hakuniuliza hata habari ya Butembo. "Ikala chini," akasema.

Ninaandika vile alisema, mbele haijanipotea.

Balikuwa babili, yeye na Sikuli, mutu wa kabila ya Banande, wa Butembo. Balitoka pamoja, bakapita mupaka ya Kasindi, bakapanda train Kasese mpaka Mombasa, kule bakapata kazi mu Alida. Ujana tu! Balitaka kuona mayi yenye haina ng'ambo. Sikuli aliacha bibi yake na mimba. Mumoya Muislamu, mumoya Mukatolika, sahani moya. Wakati ya Ramadani Sikuli njo alikuwa anamuamushaka ale mbele ya asubui.

Mu bahari, bomba ya chaudière ikapasuka — ile sufuria kubwa ya chuma yenye inachemsha mayi. Mvuke. Kisha moto. Koko alikuwa amepanda juu kunywa mayi. Pamba ilikuwa karibu. Capitaine akaamuru: mufunge mulango ya chuma, moto isifike ku pamba. Bakafunga.

"Na Sikuli?"

"Alikuwa ndani."

"Balijua?"

"Alikuwa anagonga, Amina. Namna gani hawajue?"

Bazungu balisikia kugonga. Koko alisikia maneno, juu Sikuli alikuwa anasema Kinande. Hakumuita Mungu. Hakumuita mama yake. "Aliita mi. Asumani, fungua. Asumani, fungua." Koko akashika ile chuma, ikamuunguza, babaharia bakamuvuta, mukono ikavunjika palepale. Ile mukono yake ya kushoto, yenye haikunjuke. Na sisi miaka yote alituambiaka ni pikipiki!

Maiti ya Sikuli balitupa mu mayi. Kisha compagnie ya meli ikaandikia kwabo Sikuli: mutoto wenu alitoroka Mombasa.

Koko akarudi Beni, kisha akaenda Butembo kwabo Sikuli kusema ukweli. Baba ya Sikuli akamufukuza na mupanga. Barua ya muzungu inasema alitoroka, na wewe Muislamu, mwenye ulimupoteza, unatuletea kilio ya uongo?

Nikauliza juu ya nini hakutuambia sisi.

"Niliambia benyewe. Bakakataa. Ningeambia nani tena?"

Chakula iko mbele yangu. Nimeifunika.

Siku ya Yenga, tarehe 8 Septembre, Beni

Tumempigia Madame, na vidéo. Koko alinikamata mukono mbele ya kupiga: "Usipunguze kitu."

Madame anacheka, anamusalimia Koko, ameweka hata photo ya baba yake nyuma. Nikaanza. Chaudière ilipasuka — anaandika. Kulikuwa moto — anaandika. Baba yenu aliamuru bafunge mulango — kalamu ikasimama. Mutu alikuwa ndani.

Hapana, akasema. Si Papa.

Nikasema tena. Kifaransa yangu ilikuwa inanikimbia, mais nikasema. Koko akapandisha ile mukono mbele ya téléphone, akaigeuza polepole. 

Picha ikaganda. Kisha kiza. Réseau ilikatika? Ao yeye njo alikata? Nilikuwa sijafikia hata jina ya Sikuli!

Ninapiga. Haiitike. Koko ameingia kusali.

Siku ya kwanza, tarehe 9 Septembre, Butembo

Nimerudi. Messages zangu Madame amezisoma zote. Hajibu.

Siku ya pili, tarehe 10 Septembre

Hakuna.

Koko amepiga: mutoto ya Sikuli eko hai. Ile mimba. Anaitwa Kaswera, eko Furu, hapo Butembo, nyuma ya parokia. "Enda wewe. Mi, kwabo balisha kunifukuza."

Na mi, batanifanya nini? Nitaanza na neno gani? Jambo mama, baba yako alikufa mwaka wa 1958?

Sitaenda.

Siku ya tatu, tarehe 11 Septembre, Furu

Nilienda.

Mumama, kichwa nyeupe, rozari ku shingo, anachagua maharagi mu lungo. Akanipokea vizuri sana. Mutoto ya nani? Nikasema: mujukuu ya Asumani wa Beni. Mikono ikasimama mu maharagi.

"Ule Muislamu."

Hakunifukuza. Nikamuambia yote: train, chaudière, mulango, kugonga. Nikafika ku "Asumani, fungua". Alikuwa ananiangalia tu.

Kisha akasema, polepole, kama mutu anaongea na ukuta. Ku masomo balikuwa banamuita mutoto ya mutoro. Mama yake alikataa kuolewa tena. Alikufa akimutukana ule bwana mwenye alijipatia bibi Mombasa.

"Sasa nani atamuambia mama?"

 Na téléphone ikalia. Hanneke! Nikataka kuzima. Kaswera akauliza ni nani. Nikasema: mutoto ya capitaine.

"Jibu."

Madame alikuwa analia. Anasema kaka yake amekataa kabisa aandike. Eti mutu angekufa, compagnie ingesema. Mais yeye halale. Juu Papa alivyorudi kutoka ile safari, aling'oaka milango yote ya nyumba. Yote, hata ya choo. Kule kwabo, na ile baridi! Mama yao alikuwa anasema ni mazoea ya joto ya Afrika.

Nikamutafsiria Kaswera.

"Hata moya hakuacha?" akauliza.

"Hata moya."

Akapangusa mikono ku kikwembe, kitenge yake.

Ku téléphone Madame akasema, na sauti kidogo: Amina, ule mutu… alikuwa anaitwa nani?

Nikamutafsiria Kaswera, kisha nikafungua kinywa kujibu. Kaswera akanyoosha mukono. "Hapana wewe. Ule ni baba yangu."

Nimemuachia téléphone, nimetoka inje. Ninaandika nimesimama, hii cahier ku ukuta. Ku dirisha ninamuona: ameshika téléphone na mikono yote mbili, karibu sana, kama sahani ya moto. Midomo inafunguka. Inafunga. Jina haijatoka. Na kule Hollande, hakuna mutu anakata.