Chai na Mkuu wa Wilaya

Tulia, uko hapo? Mkutano wa chama uko sebuleni kwa Victoria, huku Apple Valley; mimi nimejifungia chumbani na kompyuta yake. Shoga, Ambakisye kaumbuka!

Si unazijua hadithi zake za kusoma Uingereza? Wilaya ya pwani, ofisi ya halmashauri inatazama bahari, mkuu wa wilaya mwenye masharubu kateuliwa na Malkia, na yeye akinywa naye chai kila Ijumaa. Ndiyo maana leo tulitaka kumpa uenyekiti wa chama chetu cha ughaibuni.

Sasa jirani wa Victoria, bibi wa Kiingereza aliyealikwa, kumbe katokea wilaya hiyohiyo! Alipomsikia Ambakisye akashangaa: "Mkuu wa wilaya? Hatuna. Madiwani tulikuwa tunachagua mwenyekiti kila mwaka. Na ofisi iko maili kumi kutoka baharini."

Tulia, maili kumi!

Ambakisye ghafla akakumbuka ana zamu kazini. Akavaa koti, akatoka. Gari lake limezibwa na magari matano, theluji hadi magotini. Akarudi, akakaa palepale.

Bibi akamuuliza kwa upole, "Ulisema mwaka '89? Mwenyekiti nilikuwa mimi."

Yeye! Hana hata sharubu moja!

Ambakisye akamtazama vizuri. "Ndiyo maana naona sura yako si ngeni."