Nani Alimwua Karani

Lukozi, Lushoto
4 Mei 1980

Mwanangu Mwanahawa,

Onga mashi, salamu yetu ya Kisambaa usiisahau huko mjini. Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam kwenye joto. Huku baridi imeanza mapema, na kabichi zimenenepa kuliko wenye nazo. Mimi mzima, ila kifua kinaniletea ujeuri kidogo. Kaka yako Selemani na mkewe wanakusalimu.

Nina shida moja. Ule mchezo wa redio mnaoupiga taipu ofisini kwenu, ule wa mwuaji, unaninyima usingizi. Nani alimwua yule karani? Mimi namshuku fundi cherehani. Mtu anayecheka kila akiulizwa swali ana jambo. Wewe mwisho wake unaujua. Njoo siku moja uniambie, nami sitamwambia mtu.

Ni mimi baba yako.

*

Dar es Salaam
19 Mei 1980

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilipoona mwandiko wako nilikaa chini kabla ya kufungua bahasha. Tangu nilipoondoka kabla ya arobaini ya mama kwa ajili ya kazi, nawe ukaniambia mlangoni, "Basi kaa na kazi yako," hukuniandikia hata mstari mmoja. Sikufichi, baba, nimelia kwa furaha.

Ila umenichekesha! Fundi cherehani si alikufa mwezi uliopita? Alizama mtoni, mtaa mzima ukamlilia. Uzee umeanza kukuchezea, au ulisinzia.

Jina la mwuaji siwezi kulitoa. Tumeapishwa sote, na kurasa za mwisho hufungiwa kabatini. Likizo nayo hakuna mpaka sehemu ya mwisho isikike, Jumamosi tarehe 28 Juni. Vumilia, wiki sita hazifiki. Kunywa chai ya tangawizi.

Mwanao,
Mwanahawa

*

Lukozi
6 Juni 1980

Mwanangu,

Salamu. Mkono unatetemeka, kwa hiyo mimi nasema na Selemani anaandika. Kifua sasa kimekuwa bwana mkubwa, nalala nimeegemea ukuta. Mganga wa zahanati amenipa dawa huku akinitazama kwa huruma, jambo nisilolipenda.

Kumbe fundi amekufa? Maskini. Basi ni mjane wake.

Hizo wiki zako ni nyingi kwangu. Wala jina hilo usiliandike, barua inaweza kufunguliwa na watu ukapoteza kazi. La mdomo halina ushahidi. Unapanda basi asubuhi, jioni uko Mombo, kesho yake uko hapa. Ukishaniambia, ukitaka kurudi siku ileile sitakushika nguo.

Ni mimi baba yako.

*

Dar es Salaam
17 Juni 1980

Baba yangu,

Shikamoo, na pole sana. Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika. Nimemwomba mkubwa wangu ruhusa ya siku tatu, akasema baada ya tarehe 28, nami nikaogopa kumwomba tena.

Lakini kukuacha hivyo siwezi. Nimeamua kuvunja kiapo. Mwuaji ni dada yake karani, yule aliyelia msibani kuliko wote. Alimtilia sumu kwenye uji ili abaki peke yake na shamba la baba yao. Barua hii uichome. Sasa umeona kwamba nakupenda kuliko kazi?

Lala usingizi, baba. Tarehe 29 alfajiri nitakuwa stendi.

Mwanao,
Mwanahawa

*

Lukozi
24 Juni 1980

Mdogo wangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Leo sikuulizi hali. Baba ametutoka jana asubuhi, na alasiri tukamzika kando ya mama. Barua hii nampa dereva wa lori la kabichi anayeshuka leo, itakufikia mapema kuliko ningeituma kwa posta.

Yako ilifika juzi, nikamsomea. Nilipotaja jina la mwuaji akaniuliza, "Yeye mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia imekuja barua tu. Akageukia ukutani.

Nilipaswa kukwambia mapema, lakini baba alinikataza, nami nikamtii. Redio yetu haina betri tangu Februari. Nimezunguka maduka yote ya Lushoto, hakuna. Katika huo mchezo alisikia sehemu mbili tatu za mwanzo, basi. Hakuwa na haja na mwuaji. Alitaka uje, na unamjua, kuomba alikuwa hawezi.

Tena unajua kwamba kwetu neno zito la mzazi halifutwi kwa barua. Anatia maji mdomoni, anayatema chini mtoto wake akiwa mbele yake, neno linakwisha. Lile alilokwambia mlangoni lilimtesa kuliko kifua. Aliogopa kufa nalo akakuachia wewe.

Jana alfajiri aliomba maji. Nikadhani ana kiu. Aliyashika mdomoni muda mrefu, akaniashiria nimkalishe aelekee njia ya kushukia Mombo. Akayatema. Nguvu hakuwa nazo, mengi yalimmwagikia kifuani. Akasema, "Mwanahawa, rudi nyumbani." Hakusema tena.

Nimewauliza wazee. Wapo wanaosema neno limefutika. Wapo wanaosema bila mtoto mwenyewe yale yalikuwa maji tu. Mimi niliyemshika mabega nasema limefutika, ila mimi si mzee.

Njoo, mdogo wangu. Usingoje ruhusa.

Kaka yako,
Selemani