Avokado Zilizochumwa Mapema

Wamagana,
Jumapili, 2 Juni 2024

Kwa Bilan,

Pokea salamu. Huku tunaendelea, ingawa baridi ya Juni imeanza na magoti yananisumbua. Hayo ni ya uzee. Natumaini wewe na mtoto mko salama.

Hujapata neno langu tangu Desemba, na usidhani hasira imeisha. Nimechagua barua kwa sababu nilifundisha shule miaka thelathini na moja, na kalamu hunituliza. Kwenye simu ningefoka. Kwa hivyo usinipigie, sitashika.

Nimekutumia pia kisanduku cha avokado. Zimetoka kwenye ule mti ambao marehemu mwanangu, mumeo Ngugi, aliupandikiza nyuma ya jikoni langu. Mwaka huu ndio umezaa mara ya kwanza. Majirani walipochuma avokado zao za aina ya Hass mwezi jana, nami nikachuma kikapu kimoja. Zimekaa wiki tatu ndani ya unga wa mahindi na hazijalainika. Zimesinyaa, na ukizikata zinanyumbuka kama mpira. Jirani mmoja amesema ati mti wa mtu aliyekufa hauivishi. Maneno hayo yananichoma kila nikienda kukamua ng'ombe.

Wewe uliishi naye. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi matunda yanavyoiva, na sisi nyumbani hakutueleza, au alitueleza hatukusikiliza. Niambie mti huu una shida gani. Nikikosa jibu kufikia Jumamosi nitaukata nipande nepia, nyasi za ng'ombe. Ndicho kitu pekee cha mwanangu nilichobaki nacho, na siwezi kuamka kila siku nikiangalia kimekataa.

Ni mimi,
Baba Ngugi


Nanyuki,
Jumamosi, 8 Juni 2024, alfajiri

Kwa Baba,

Usiukate. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu, unisamehe, ili ulisome kwanza.

Pole kwa magoti. Sisi hatujambo. Sahal ana mafua lakini anakula vizuri.

Kisanduku kilifika Jumatatu, nikakiweka chini ya meza ya duka bila kukifungua. Niliona mwandiko wako nikaogopa, nikadhani unamtaka mtoto. Jana jioni ndipo nilipopata moyo wa kukifungua na kusoma barua iliyokuwa ndani. Nimekupigia mara sita. Ningekuja mwenyewe, lakini siku ile uliniambia nisikanyage kwako, na neno la mzazi silivunji. Nitampa dereva wa gari la kwanza barua hii na kumsihi aifikishe leo.

Mti hauna ugonjwa. Nakueleza kama Ngugi alivyonieleza mimi muuza matunda, huku akinitania kwamba nimeuza avokado miaka kumi bila kuzijua. Alisema ndani ya kila tunda kuna maagizo, ndiyo jeni, na mengi yamelala. Avokado haiivi ikiwa mtini. Ikishachumwa huanza kutoa hewa yake yenyewe inayoitwa ethilini. Hiyo ni homoni, ndiyo inayoyaamsha maagizo ya kulainisha nyama. Ndiyo maana tunafunga avokado pamoja na ndizi mbivu: ndizi hutoa hewa hiyo kwa wingi. Lakini tunda likichumwa changa, hata ulizungushie mkungu mzima wa ndizi, halina uwezo wa kuitikia. Linasinyaa tu. Ni lazima likomae mtini kwanza, lijae mafuta.

Na mti huo aliuchagua kwa sababu unachelewa. Hass za majirani hukomaa Mei, zake ni Oktoba, wakati sisi wa sokoni hatuna avokado ya kuuza. Kwenye daftari lake ameandika: "Wamagana, mti mmoja. Zisiguswe kabla ya Oktoba. Kata moja uangalie kokwa. Ngozi yake ikiwa nyeupe, subiri. Ikiwa kahawia na imekauka kama karatasi, chuma." Alikusudia kukuambia Krismasi, hakuifikia.

Mti mama alikotoa vijiti vya kupandikiza ulikuwa pale mjini Chaka, na mwenye kiwanja aliung'oa akajenga. Hakuna mwingine, Baba. Ni huo tu.

Mkaza mwanao,
Bilan


Wamagana,
Jumatano, 12 Juni 2024

Kwa Bilan,

Natumaini mafua ya mtoto yamepungua. Mpe maji moto na asali.

Barua yako ilinifikia Jumamosi saa nane mchana. Mti niliukata saa tatu asubuhi, nikang'oa na kisiki.

Nimekaa siku nne nikitafuta namna nyingine ya kuandika hayo na sijaipata. Mwalimu mzima, niliyewaandikisha watoto ubaoni kwamba haraka haraka haina baraka.

Nilikulaumu sana. Siku ile uliponipigia asubuhi, ukasema Ngugi ameanguka na pikipiki na Mungu amemchukua, uliniambia pia kuwa mazishi ni leo. Nilikusikia vizuri. Nilijua alisilimu ili akuoe, lakini sikujua maana yake siku kama hiyo. Kwetu mazishi ni wiki nzima. Kamati inakutana kila jioni, kanisa linaarifiwa, kaburi linachimbwa kwenye shamba la baba. Nikadhani hiyo "leo" ni ya mwanamke aliyechanganyikiwa. Nikajibu tunakuja, nikaita kamati. Tulifika huko Nanyuki siku ya tatu na jeneza juu ya gari, tukaambiwa amezikwa siku ile ile kabla ya jua kutua. Sikuingia hata lango la makaburi. Nilikufokea pale nje mbele ya watu, kwamba hukuweza kumngoja mzazi.

Na mimi mti wake nimeupa siku sita.

Avokado zilizokuwa bado mtini nimezipanga stoo pamoja na ndizi. Nimeelewa ulichoandika. Hata hivyo kila asubuhi naenda kuzibonyeza.

Baba Ngugi


Nanyuki,
Alhamisi, 13 Juni 2024

Kwa Baba,

Salamu. Mtoto amepona. Mimi nimelia dukani mbele ya wateja, na nimekukasirikia, sitakuficha.

Lakini sikiza. Matawi yako wapi? Kama mbuzi hawajayamaliza, tafuta vijiti vya unene wa penseli vyenye macho yaliyovimba. Vifunge kwa gazeti lililolowa, umpelekee Mugo wa nasari, yule mwenye kitalu cha miche pale Ruring'u. Alikuwa akimsaidia Ngugi kupandikiza. Kila jicho lina maagizo yote ya mti ule, hivyo kijiti kimoja tu kikishika, tumeupata tena. Ufanye leo, Baba, usingoje kesho.

Kuhusu ile siku. Dini yetu haimcheleweshi maiti, na sikuwa na nguvu ya kubadilisha hilo. Lakini niliwaomba wasubiri, na walisubiri mpaka alasiri. Nilisimama mlangoni kwa baba yangu nikiangalia kila gari linalotoka upande wenu wa Nyeri, mpaka imamu akasema basi, binti yangu, jua linaenda. Sikukuambia kwa sababu pale langoni hukuniuliza kitu.

Mkaza mwanao,
Bilan


Wamagana,
Jumapili, 25 Agosti 2024

Kwa binti yangu Bilan,

Nakusalimu wewe, Sahal na wazazi wako. Ukungu umetukalia mwezi mzima huku, na ng'ombe mmoja amezaa. Mimi niko.

Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilitaka niandike habari njema. Siku ile ile niliyopata barua yako nilivibeba vijiti kumi na viwili hadi Ruring'u. Mugo alivigeuza mkononi, akakwaruza ganda la kimoja kwa ukucha, nikajua vimeanza kukauka. Vilikuwa vimelala juani siku tano, wakati mimi naona haya kukuandikia. Alivipandikiza vyote hata hivyo, bila kuniambia neno la kuniumiza.

Kila Jumatatu nimekwenda kuviangalia. Vilikauka kimoja kimoja. Kimoja kilitoa majani mawili wiki ya tano, nikamnunulia Mugo chai na mandazi na kumchosha kwa hadithi za Ngugi akiwa mdogo. Wiki iliyopita nacho kimekuwa cheusi. Hakuna kilichoshika. Zile za stoo zimeoza na nimezifukia.

Mti wa Ngugi haupo tena, Bilan. Ni mimi niliyeumaliza, na nakuomba msamaha. Kazi yake ilikuwa yenu pia, na mimi sikuuliza.

Nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nikijiambia kwamba nikiwa na ule mti nyuma ya jikoni, nina kaburi langu huku, sihitaji lile la kwenu. Sasa sina pa kwenda kumlilia.

Nitakuja Jumamosi hii. Usinipikie chakula cha wageni, wala usiite wazee. Sijui kwenu mtu huingia vipi makaburini, kama ni kuvua viatu au kofia, utanielekeza na nitafuata. Sahal akikubali kunishika mkono tutaenda naye. Asipokubali usimlazimishe, hanijui, na kosa si lake.

Ukishanionyesha alipo, rudi nyuma kidogo uniache. Nikikaa sana, usiniite.

Baba yako,
Theuri