Biira Tunaye

Mjukuu wangu,

Huku Kyarumba tumeamka salama. Kahawa imeanza kuiva, na goti la babu yako linalalamika kuliko mwenyewe.

Umeniuliza kama malengelenge ya mwanao yaliwahi kuonekana kwetu. Ndiyo. Mdogo wangu alizaliwa nayo, ngozi ikibanduka kwa kuguswa tu. Mama hakuweza kumfunga mgongoni. Alimbeba mikononi, juu ya jani la mgomba lililolainishwa kwa moto.

Jirani akamwambia, "Huyu mutoto usimupe jina, hatakaa."

Unajua sisi Wakonzo huwaita mabinti kwa zamu ya kuzaliwa. Mimi wa kwanza ni Masika. Mama akamwita wa pili Biira, na kweli hakukaa. Alipozaliwa mwingine, jirani akafurahi: "Sasa Biira amekuja!"

"Biira tunaye," Mama akajibu. "Huyu ni Kabugho."

Ndiyo maana bibi yako anayeuza samaki Mpondwe ana jina la binti wa tatu, ingawa wewe umetukuta wawili tu.

Dawa na bendeji, msikilize daktari. Wanaokwambia usubiri kumpa mtoto jina, waache waseme. Huyo ni binti yako wa kwanza, na jina lake analo tayari. Mwite.

Bibi yako,
Masika