Tarehe ya Kupanda Uwele

Kilosa, 4 Agosti 1951

Mpwa wangu Filipo,

Marahaba. Sisi wazima, ila goti langu halitaki tena kupanda mlima. Mpango wenu wa masomo ya kilimo kwa shule za Singida nimeusoma mara mbili. Somo la matuta ni zuri. Somo la tatu linasema uwele upandwe tarehe 25 Novemba. Futa tarehe hiyo.

Nilipokuwa mwalimu Ihanja, huko huko Singida, niliiandika ubaoni, nikiinakili kutoka kitabuni. Watoto waliipeleka nyumbani, na wazazi wakapanda kwa kuheshimu maandishi. Manyunyu yalikatika, mbegu ikafia ardhini. Mama yako aliniuliza, “Kaka, hata kuchimba udongo ukatazama, hukuchimba?” Njaa ya mwaka ule ilimchukua dada yako Selina, kabla wewe hujazaliwa. Najua ulielezwa kwamba niliondoka huko kufuata kazi ya mkonge; sivyo, niliondoka kwa sababu hiyo.

Andika hivi: mtoto achimbe, aingize mkono, na unyevu ukifika kwenye kifundo cha mkono, ndipo apande. Wenzako wakiuliza umeyatoa wapi, mtaje mama yako. Yeye ndiye aliyejua, na mimi ndiye niliyeitwa mwalimu.

Mjomba wako,
Andrea