Maneno Yanayotafutwa Wiki Hii

Jumatatu, 4 Agosti 2008. Kitale.

Klipu za video kumi na moja leo. Ningefika ishirini, lakini stima ilipotea saa tano na mama mwenye saiba, duka la intaneti, hana jenereta. Ng'ombe wa Ndalu wakinywa maji. Mwanamke akipukuchua mahindi. Watoto wa Kapsokwony wakiteremka mlima mbio kwenda shule. Kila klipu inataka maneno ishirini ya Kiingereza, ndio mtu wa ng'ambo akitafuta kwenye mtandao aipate, ainunue, aitie kwenye filamu yake. Binamu yangu Wafula anapiga picha, mimi naandika maneno. Niliacha shule Form Two, lakini Kiingereza changu kinavaa viatu.

Tangu Wafula ahamie Bungoma mwezi wa sita, chumba chetu cha mtaa wa Tuwan kimekuwa kikubwa. Sikipendi. Kitanda chake nimekitandazia nguo ndio kionekane kina mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundua kitu, na nimekigundua peke yangu. Ile kampuni inayouza klipu zetu ina ukurasa unaoonyesha maneno yanayotafutwa sana wiki hii. Olimpiki inaanza keshokutwa kule Uchina. Dunia nzima inatafuta "runner", "stadium", na "crowd", yaani umati wa watu. Wale watoto wa Kapsokwony nimewaandikia "Olympics". Si wanakimbia? Ng'ombe nao nimewapa "stadium". Wafula ataniamkia kwa heshima.

Yeye alinifunza niandike kile naona tu. Uzee huo. Januari, wakati wa fujo za uchaguzi, neno Kenya lilipanda juu sana, watu wakitaka picha za moto na mawe. Wafula akafungia kamera kwenye sanduku. Alisema hao ni majirani, si soko. Hapo nilikubali. Lakini Olimpiki imemkosea nani?

Ijumaa, 8 Agosti

Bahasha imefika kutoka Bungoma. DVD moja na karatasi ya orodha. Huwa anamalizia na mistari miwili ya kunitukana. Leo hakuna. Namba moja nyasi, namba mbili daraja la Nzoia, namba tatu "kraudi mlimani". Nilicheka hadi mama wa saiba akanitazama. Wafula hata kwa kalamu anaandika vile anaongea. Mimi sichanganyi l na r, mimi nimekulia mjini.

Umati mlimani. Lazima ni tohara, huu ni mwaka wake na Bungoma yote imejaa kengele za vijana wanaotahiriwa. Sikuifungua hiyo klipu. Mashine ya saiba ni polepole, na "crowd" iko juu kabisa kwenye ukurasa. Nikajaza: crowd, people, dancing, stadium. Nikatuma.

Nimefika nyumbani mapema. Hakuna wa kuhadithia.

Jumanne, 12 Agosti

Mvua. Nimempigia Wafula mara tatu. Hapatikani.

Alhamisi, 14 Agosti

Barua ya kampuni. Klipu tatu zimekataliwa, maneno hayalingani na picha. Wanatupa nafasi moja ya kurekebisha kazi yote. Wakipata uongo tena, akaunti inafungwa.

Nimefungua ile namba tatu. Mawingu. Mawingu matupu juu ya Mlima Elgon, hakuna hata kuku. Alimaanisha "cloud", mawingu, akaandika kraudi. Na mimi mjuaji nikasoma umati.

Wafula alipiga saa nane. Barua ilimfikia pia.

"Simiyu, ng'ombe anafanya nini stadium?"

Nikamwambia anatazama mbio. Hakucheka. Wafula, ambaye huchekea hata matanga.

"Bana, hiyo akaunti iko na jina langu. Rekebisha zote. Wakirudisha hata moja, tumeachana na hii kazi."

Naogopa. Niandike tu, hakuna anayesoma hapa. Akaunti ikifungwa, bahasha hazitakuja. Bahasha zisipokuja, sijui Wafula atakuwa na sababu gani ya kunikumbuka.

Ijumaa, 15 Agosti

Klipu sitini na mbili. Nimeanza upya. Kila moja naitazama kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ndio nashika kibodi. Leo tisa tu. Macho yanawasha.

Jumapili, 17 Agosti

Sikuenda kanisa. Saiba ilikuwa tupu, mashine zote zangu. Nilitaka kumwita mtu nijigambe. Nani?

Klipu ya daraja la Nzoia. Sekunde za mwisho jua linatokea na kivuli cha Wafula kinaanguka kwenye maji, na kamera yake. Kando yake kuna kivuli kingine. Sketi. Hakuniambia.

Nimeandika: bridge, river, brown water, shadow. Halafu nikaongeza s. Shadows.

Jumanne, 19 Agosti

Sasa hii ndiyo akili, na nitajisifu kwa sababu hakuna mwingine wa kunisifu. Nimenakili ule ukurasa kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Maneno ya Olimpiki yalipaa, na leo yameanza kushuka. Wiki mbili zijazo hayana kazi. Lakini "farmer", "rain" na "woman working" hayajasonga. Yako palepale, kama mawe ya jikoni. Na "harvest" limeanza kupanda polepole, mavuno yenyewe bado. Watu wananunua mapema.

Kingine. Sisi tunaandika "maize". Ukurasa unaonyesha wanaotafuta "corn" ni wengi zaidi. Ni mahindi yale yale. Yote mawili ni kweli, basi nimeweka yote mawili. Kumbe ukurasa haukuambii picha ni ya nini. Unakuambia mwenzako anaiitaje.

Nimemtumia Wafula ujumbe mrefu, nikamwambia pia apige picha za mavuno mahindi yakikauka tu. Amejibu "ok".

Alhamisi, 21 Agosti

Zote sitini na mbili. Nimetuma saa sita mchana. Mawingu yameitwa mawingu. Ng'ombe ni ng'ombe.

Jumamosi, 23 Agosti

Ujumbe wa Wafula. Zimekubaliwa zote, hakuna hata moja imerudi. "Kazi safi kijana." Niliruka pale mlangoni, mama wa saiba akauliza kama nimepata kazi.

Halafu ujumbe wa pili. Mchumba wake anaitwa Nekesa. Ni mwalimu wa watoto wa nasari huko Bungoma na wana kompyuta nyumbani. Kuanzia sasa yeye ndiye ataandika maneno. "Usikasirike ndugu. Hiyo ya corn na maize tumeipenda sana."

Tumeipenda.

Nimekasirika. Nimemjibu "sawa, shemeji asome orodha zako vizuri".

Jumatano, 27 Agosti

Nimejaribu kuingia kwenye akaunti. Nywila imebadilishwa. Sikutarajia kingine, lakini nilijaribu mara mbili.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeingia kupitia mlango wa wanunuzi, ule wa kila mtu. Nikatafuta mahindi ya Kenya. Kuna klipu mpya ya Wafula, ukurasa wa pili. Mzee amekaa juu ya gunia kando ya shamba lililokauka. Nekesa ameandika "maize" na "corn", ameandika "harvest". Nimetafuta kosa. Hakuna.

Mimi ningeongeza "waiting". Yule mzee hapumziki. Karibu klipu iishe anainua kichwa, anatazama barabarani, anakirudisha chini. Anangojea mtu.

Nimeliandika hilo neno kwenye daftari, kando ya namba ya klipu. Kijana mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu akitaka mashine. Nikampisha.